Mvua Iliyomwaibisha Mama Kimani

Wale wenzangu tulikulia Kabiria, hapa kando ya Nairobi, kabla nyumba za ploti zimeze mashamba, mko wapi? Mimi bado niko. Enzi zetu Kabiria ilikuwa na baridi, si hii ya siku hizi ya kuvaa jaketi moja na kulalamika kwa simu. Julai yetu ilikuwa inaingia kwa nyumba bila kubisha na inakaa mpaka Agosti kama mgeni hajui kuaga. Moshi ya jiko ilikuwa inatoka nje, inaona vile kuko, inarudi ndani kukaa na sisi. Nyoka zote zilihama, nasikia zilienda kutafuta kazi Mombasa. Shuleni mwalimu akikuchapa vidole asubuhi, uchungu ilikuwa inafika kesho yake saa nne, wakati umeshasahau kosa.

Na mvua je? Mvua ya Aprili ilikuwa mvua, wacha mchezo! Tulikuwa tunakata jerikeni, tunakalia kipande, tunateleza kwa matope kutoka juu kwa barabara mpaka chini mtoni. Mimi siku moja niliteleza nikapita mto, nikapita shamba ya watu, nikasimama karibu na mtaa wa Satellite, ikabidi nirudi na miguu. Jioni kumbikumbi zinatoka kwa ardhi kama zimefukuzwa, tunazishika, tunazikaanga kwa kikaangio kavu bila mafuta, unakula na ugali mpaka unaanza kuota mabawa. Watoto wa siku hizi ukiwaonyesha kumbikumbi wanapiga picha halafu wanatapika.

Lakini leo sikutaka kuongea juu ya kumbikumbi. Nataka kuongea juu ya mama yangu.

Mama yangu, watu walimwita Mama Kimani kwa sababu Kimani ni mimi, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kazi yake kwa hiyo mtaa ilikuwa moja tu. Yeye ndiye alikuwa anasema tupande lini. Hakuna mtu alimchagua. Ilikuwa tu hivyo. Sisi watu wa huko tulikuwa tunapanda kwa vumbi, yaani unaweka mbegu kwa udongo mkavu siku moja ama mbili kabla mvua ije, ndio ije ipate mbegu ishalala inangoja. Ukichelewa, maharagwe yako inabaki nyuma. Ukiharakisha, njiwa na panya wanakula mbegu yote na wewe unabaki na jembe.

Kwa hivyo mwezi wa tatu ikifika mwisho, mama anaanza kutembea polepole. Anaangalia muhuti, ule mti wa maua nyekundu, kama umewaka. Anaangalia siafu kama wanahamisha mayai. Anaenda chini mtoni anasikiza vyura. Akirudi nyumbani anakaa kimya, na mtaa mzima unakaa kimya. Wamama walikuwa wanatuma watoto waje kuchungulia kwa ua yetu. "Enda uone kama Mama Kimani ametoa jembe." Mtoto anakuja anajifanya amekuja kuomba chumvi. Chumvi yetu ilikuwa inaisha kila mwaka mwezi huo! Halafu asubuhi moja mama anajifunga leso kiunoni, anabeba jembe kwa bega, anasema, "Kesho kutwa iko hapa." Ndani ya saa moja Kabiria yote imeinama, matako juu. Na kesho kutwa, saa tisa hivi, inakuja. Ungedhani wameandikiana barua.

Mwaka nilikuwa na miaka kumi, ama kumi na moja, muhuti uliwaka, siafu wakahama, vyura wakaimba. Mama akatoa jembe. Watu wakapanda. Kesho kutwa ikafika bila mvua. Wiki ikaisha. Njiwa walikuja kutoka kila pahali, nafikiri hata wale wa Tanzania waliitwa. Walishiba mpaka wakashindwa kuruka, wakawa wanarudi kwa miguu. Mvua ilikuja baada ya mwezi, na watu hawakuwa na mbegu.

Hiyo mwaka watu walimsamehe. Mwaka iliyofuata akangoja zaidi, akasikiza zaidi, akaenda mtoni mara tatu kwa siku. Akatoa jembe. Ikatokea vile vile.

Kwa bomba ya maji alikuwako jirani yetu, Mama Wambui. Huyo mama alikuwa na mdomo, angeweza kutoboa debe na maneno. Mama yangu alipofika na mtungi wake na kiondo ya mboga mgongoni, Mama Wambui akasema kwa sauti, "Mama Kimani, leo umebeba mvua ngapi kwa kiondo?"

Wamama walicheka mpaka mitungi ikafurika. Mwingine akaongeza, "Muacheni, anangoja mvua ipike chai kwanza, ndio ije."

Mama alijaza maji, akajitwika, akaenda.

Na mimi? Mimi nilikuwa mchekeshaji tangu tumboni. Nikakimbia nikatangulia nyumbani, nikachukua leso yake, nikajifunga kiunoni, nikakusanya watoto wenzangu nyuma ya nyumba. Nikainama, nikaweka sikio kwa udongo, nikakunja uso vile anakunja, nikasema na sauti yake, "Kesho kutwa iko hapa!" Watoto walianguka chini. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu, na nikaona wamenyamaza. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama na mtungi bado uko kichwani.

Akasema, "Kimani, hata wewe?"

Basi. Hakunichapa. Enzi hizo mtoto alikuwa anachapwa kwa kupumua vibaya, na mimi siku hiyo nikaachwa. Nilitafuta fimbo mwenyewe nikamwekea kwa mlango. Hakuichukua.

Kuanzia hapo alikuwa anapanda mwisho. Watu wote wakishapanda, maharagwe ya wengine ishatoa majani, ndio anatoka pole pole na jembe kama mtu anaiba. Kukiwa na mawingu anaingia ndani anachagua mchele ambao umeshachaguliwa. Na alipokuwa mgonjwa, miaka mingi baadaye, wakati mimi nilikuwa mtu mzima na watoto, aliniambia, "Masikio yangu iliharibika mapema, Kimani. Nilipotezea watu mbegu." Nikamwambia, mama, mambo ya zamani hayo, kunywa uji. Alienda kaburini na hiyo maneno.

Sasa mimi nauza vitabu town, vile vya inama, yaani mteja anainama kuchagua, nimetandika gunia kando ya barabara karibu na River Road. Usinicheke. Mimi na shule tuliachana darasa la nne, na hakuna mtu alilia. Vitabu nazijua kwa kava. Ya mapenzi iko na kifua cha mwanaume, ya biashara iko na mtu amekunja mikono, ya Mungu iko na jua. Siku hizi kuna ingine zinakuja nyingi, kava yake ni dunia inaungua, ama dubu mweupe amesimama kwa barafu kidogo kama sabuni. Wateja waliniambia hizo ni za hali ya anga, ati dunia inashika joto. Halafu kuna ingine za kubishana na hizo, zinasema watu wanatishwa bure. Mimi nazipanga bega kwa bega. Zikitaka kupigana, zipigane hapo, gunia ni yangu.

Wanaopigana ni wasomaji. Kuna Mwalimu, mzee amestaafu, husoma hizo za dunia inaungua akiwa amesimama, kurasa kumi kumi, hajanunua hata moja. Na kuna Karani, hutoka ofisini saa ya lanchi na sambusa mkononi. Yeye ni wa ile upande ingine.

Siku moja Mwalimu alikuwa anasomea watu kwa Kiswahili vile kitabu inasema. Ati misimu inahama. Ati maua inatoka wakati si yake, ndege wanafika chakula haiko, mkulima anafuata dalili za baba yake na dalili inamdanganya.

Mimi nilikuwa napanguza vumbi. Mkono ukasimama.

"Mwalimu," nikasema, "hapo pa dalili, rudia."

Karani akaruka. "Usimdanganye mtu wa watu! Ukame ulikuwako tangu Nuhu."

"Nuhu alikuwa na mafuriko, wewe," Mwalimu akamwambia. "Meza sambusa kwanza."

Nikawaambia ngojeni. Nikawaelezea yote, muhuti, siafu, vyura, njiwa. Hata ile ya leso nikawaambia, na sijawahi kuambia mtu, hata mama ya watoto wangu alizikwa bila kujua. Nikauliza, "Mama yangu alikosea?"

Mwalimu akafunga kitabu na kidole ndani. "Kimani, hii kitabu haijui Kabiria. Siwezi kukuapia mvua ya mwaka hiyo ilikuwa nini. Lakini yeye alisikia sawa. Kama dalili zilikuja na mvua ikakataa, hiyo ni ya mvua."

Nikaangalia Karani, nangoja abishe. Akapanguza mdomo. "Mimi nasema ni ukame wa kawaida tu. Lakini hata huo, buda, nani angejua? Si yeye. Hapo mathe wako hana makosa."

Miezi yote hao wawili wamebishana kwa gunia yangu, hiyo ndiyo siku ya kwanza niliona wamekubaliana. Nilifurahi mpaka nikataka kumpigia mtu. Nikatoa simu. Nikaangalia majina. Watoto wangu hawakuwahi kumuona nyanya yao akiwa na jembe. Na nyumbani, pale pale Kabiria, nakaa ghorofa ya tatu, juu ya pahali maharagwe ya mama ilikuwa, na jirani namjua kwa viatu vyake mlangoni. Nikarudisha simu mfukoni.

Ndio nikamkumbuka Mama Wambui. Yuko hai, anakaa kwa mtoto wake, huko mtaa wa Kinoo. Jumapili nikavaa koti, nikaenda. Njia yote nilikuwa napanga vile nitamwambia. Sitamkosea heshima, nitasema tu, mama, unakumbuka ile ya kiondo? Sasa sikiza vile wasomi wanasema.

Alinipokea na mikono mbili. Amekuwa kadogo, ungemweka kwa kiti cha mtoto. Akanipa chai, akashika mkono yangu hataki kuiacha.

"Mama, unakumbuka ile mwaka ya mvua? Vile mama yangu alisema tupande?"

"Mvua gani, Kimani?"

"Ile ilikataa. Njiwa wakakula mbegu. Kwa bomba ukamwambia ya kiondo."

Alifikiria, akafikiria, mpaka chai yangu ikawa baridi. Akatabasamu. "Mama yako alikuwa anapika githeri tamu ya mahindi na maharagwe. Eh? Alikuwa anaweka majani ya malenge."

"Ndio, mama," nikasema. "Alikuwa anaweka."

Nikarudi Kabiria na habari yangu vile nilienda nayo.

Enzi zetu habari haikuwa inalala kwa mtu mmoja. Ungekohoa kwako, watu wa nyumba kumi wanakuletea limau. Mama yangu aliaibika mchana moja na mtaa wote ulijua kabla ugali iive. Siku hizi amesafishwa jina, na anayejua ni mimi, mwalimu hanunui vitabu, na mtu wa sambusa. Vijana wangesema niweke kwa mtandao wa simu, nipate mioyo mia mbili za watu sijui. Sitaki mioyo. Nataka mtu mmoja wa Kabiria ile. Kama uko, na uliwahi kutumwa kwetu kuomba chumvi ukaona mama mwembamba amejifunga leso anatoa jembe, nakuomba tu jioni ukikaa na watu wako uwaambie, Mama Kimani alisikia sawa. Sema na sauti. Huko kwenu kama kuna mtu atauliza ni nani huyo, muelezee pole pole.