Kidole cha Mama kwenye Fonii

Nilikuwa mwalimu wa fizikia kule Fizi, na kama walimu wengi nilipenda kueleza kuliko kuelekeza. Kosa hilo ndilo lililotumaliza.

Vita vilipotushusha Baraka, mji wa kando ya ziwa, nilipewa kazi ya kuangalia fonii ya parokia, redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Mwenye kazi alikuwa amekimbia. Dada yangu alikuwa amepanda mtumbwi kutoka Ubwari kwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na hatukujua kama alifika. Siku tatu nilianika sola mpaka batri ikapata nguvu kidogo, nikaita Kigoma. Wakajibu: "Habari za binti yenu zipo. Mwiteni mama yake."

Nikampa mama maikro, kisemeo chenye kitufe. Badala ya kumfundisha kuitumia, nikamhubiria: mwanga wa jua ni wimbi, umeingia kwenye batri, sasa nguvu ile ile itapanda waya wa antena, ivuke ziwa na sauti yake. Wimbi la ziwa huinua mtumbwi na kuacha maji palepale. Hili nalo lingebeba sauti, yeye abaki hapa. Mama akaigeuza maikro mkononi.

"Nafinya wapi?"

"Hapa, mama. Finya, useme."

Wingu likapita, nikatoka kugeuza sola. Dirishani nilimwona akisema, akilia, akisema tena. Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani wanajibizana.

Niliporudi, taa ya fonii ilikuwa imezimika. Kidole chake bado kilikandamiza kitufe, ukucha umekuwa mweupe. Sikuwa nimemwambia aachie ili asikie. Fonii ikisema haisikii, na kusema ndiko kunakokula batri. Jua la siku tatu lilikuwa limevuka ziwa likiwa kilio cha mama. Kule Kigoma walimsikia vizuri, wakakosa njia ya kumjibu.

"Nilibauliza kama mutoto wangu iko muzima," mama akasema. "Balinyamaza tu. Njo kusema alikufa."

Asubuhi yake wenye bunduki walibeba fonii, sola na batri. Mama akanyoa nywele, akakaa matanga. Nami nilikaa naye mkekani, nikipokea pole za watu kwa msiba nisiojua kama upo. Niliona haya kumwambia habari ya kitufe, na mpaka leo naona. Dada hajaonekana.

Mama alipokuwa kitandani, karibu kufa, aliniuliza mara moja:

"We mualimu wa mawimbi, kweli balinyamaza?"

"Ndiyo, mama. Balinyamaza."