Madoa Aliyoyafuta Mpiga Picha

Shangazi yangu hupiga picha za vitambulisho katika chumba kimoja chenye pazia jeupe na kiti cha kuzunguka. Wateja wanamwita Bi Sabuni, kwa sababu uso ukipita kwenye kompyuta yake hutoka msafi, bila chunusi wala kovu.

"Bi Sabuni, nipunguzie na umri," humtania.

"Umri ni oda maalumu. Leo sijaja na vifaa."

Uso aliousafisha kuliko nyuso zote ni wa binti yake. Mtoto alipofika miaka miwili, midomo yake iliota vidoa vyeusi kama punje za pilipili manga, vilevile alivyokuwa navyo baba yake. Majirani walinong'ona, mara uchafu, mara laana ya ukoo. Shangazi akavifuta kwenye kila picha, na binti alipokua akamnunulia rangi nzito ya mdomo. Wakati huo mumewe alikuwa amekwisha kufa, tumbo limevimba, akiwa na miaka thelathini na tisa. Tuliambiwa ni vidonda vya tumbo, mazungumzo yakaishia hapo.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita tumbo lilipoanza kumkata. Kituo cha afya kilimpa dawa ya minyoo, mara mbili. Asubuhi moja aliamka amejikunja, anatapika nyongo, tukampakia kwenye teksi kwenda hospitali. Njiani, mtoto akiugulia maumivu, shangazi alifungua mkoba akampaka rangi mdomoni. Nilimwona, nikageukia dirisha.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Nje foleni ilifika mlangoni. Alimbonyeza binti tumbo, akauliza kama choo chake kimewahi kuwa na damu.

"Hapana," alijibu shangazi.

"Ndiyo," alisema binti. "Tangu mwezi jana."

Shangazi akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nisimwambie mtu."

Daktari aliendelea kujaza fomu. "Baba yake?"

"Marehemu. Vidonda vya tumbo."

"Mtoto ana alama yoyote mwilini tangu utotoni?"

"Hana."

Alijibu haraka mno. Kutoka nilipokaa niliisoma karatasi ikiwa kichwa chini: dawa ya maumivu, arudi baada ya siku tatu. Nilitaka kusema kweli. Nesi akaita namba inayofuata. Binti alijaribu kusimama, akakunjika tena juu ya magoti yake, paji la uso limelowa jasho.

"Subiri, daktari," alisema shangazi. Alichomoa pamba kwenye mkoba, akamshika mwanawe kidevu, akasugua midomo mpaka rangi yote ikatoka. "Nimekudanganya. Anazo. Na baba yake alikuwa nazo."

Daktari aliweka kalamu chini. Akavuta taa, akamgeuza binti mdomo, akakagua ndani ya mashavu. Kabla hajamwachia alikuwa ameshika simu, anamwita daktari wa upasuaji.

Kipimo kilionyesha utumbo umejimeza, kama mkono wa shati uliosukumiwa ndani. Kilichouvuta ni kinyama kilichoota humo, kikubwa kama kidole gumba. Walimpasua saa ileile. Shangazi alisimama ukutani saa tatu nzima, akakataa kiti.

"Yuko salama," mpasuaji alimwambia alipotoka. "Mngerudi naye nyumbani, utumbo ungeoza."

Wiki kadhaa baadaye majibu ya damu yalirudi, na daktari yule kijana akatuita. Alisema kila seli ina jeni iitwayo STK11. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya cha aina ya kinase, ambacho hubandika fosfeti kwenye protini nyingine na hivyo kuziwasha. Seli ikipungukiwa nishati, hicho ndicho huiamuru iache kukua. Ni breki. Binti amezaliwa na nakala moja mbovu, aliyoirithi kwa baba yake. Pale ya pili inapoharibika, vinyama huota. Madoa hayadhuru, ni alama tu ya kasoro hiyo. Ila hatari ya saratani ya utumbo, kongosho na matiti iko juu, kwa hiyo atachunguzwa maisha yake yote.

"Nilidhani ni aibu," shangazi alisema.

"Marehemu ana ndugu?"

"Mmoja. Ana watoto wanne."

"Kama naye ana nakala hiyo mbovu, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wanahitaji kujua."

Shangazi alikuwa hajasema na shemeji yake tangu mazishini, alipowaambia watu wa ukoo wa mumewe wabaki na laana yao. Alipiga simu palepale.

"Leo umetukumbuka?" sauti ilisikika mpaka nilipo.

"Nitukane baadaye, shemeji. Wanao, kuna mwenye vidoa vyeusi mdomoni?"

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Wa tatu."

"Analalamika tumbo?"

"Nani amekwambia?"

Shangazi alimkabidhi daktari simu, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.