Walivyopanga bomba la akina mama siku akina mama wote wako sokoni

Wakuu, salama humu?

Niko form three. Simu ni ya mama na anajua nasoma Biology, kwa hiyo naandika mbio mbio. Hii sio chai. Anayebisha apande Machame, bomba lipo, atakunywa maji bure.

Kwetu ni juu ya soko la Kwa Sadala. Maji tulikuwa tunachota korongoni. Kushuka unacheka, kupanda na ndoo kichwani unawakumbuka watakatifu wote. Mimi na mama, kila alfajiri. Mdogo wangu Kelvin? Yeye ni mwanaume, analala ili akue.

Ukaja mradi. Kwenye mlango wa gari wameandika "Mahitaji ya Wanawake". Bomba moja, wanakitongoji wachague likae wapi.

Mwenyekiti wetu akaitisha mkutano siku ya soko.

Siku ya soko, wakuu! Siku hiyo mwanamke wa huku humkuti nyumbani labda awe anajifungua. Wote wako Kwa Sadala na ndizi zao.

Ilikuwa likizo. Mama akajitwika mkungu wake, akaniambia: "Huo mdomo wako umeniaibisha kanisani, umeniaibisha shuleni. Leo unifae. Nikirudi nisikute wamemaliza."

Nikaenda. Wazee, vijana wa bodaboda, baba yangu kiti cha mbele, na dada wa mradi katoka Moshi mjini. Akina mama nilikuwa mimi.

Mwenyekiti akasimama: "Sisi tumeshawafikiria mama zetu. Bomba likae pale kilabuni."

Kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi! Mbali kuliko hata korongo!

"Mbege inataka maji safi," meku mmoja, yaani mzee wa huku, akafafanua, wala hakuona haya.

Nikanyoosha mkono.

"Mtoto hana kura," mwenyekiti akasema.

"Shikamooni. Kura sina, nina swali la shule. Eti ule mfereji wa zamani ulichimbwa na ukoo gani?"

Kwa msio wa huku: mifereji ya mlimani ilichimbwa na mababu, na kila ukoo una hakika ni babu yao. Hilo swali limewahi kusimamisha msiba.

"Ni sisi!" meku akaruka.

"Nyie? Nyie mlikuja na majembe ya kuazima!" mzee wa ukoo mwingine akadakia.

Baba yangu akavua kofia: "Mnabishana nini? Babu yangu alikata migomba yake kwa mkono wake, akatoa shamba lake la kihamba mfereji upite! Ukoo wetu haunyimi watu maji!"

Mimi kukaa siwezi. Jicho barabarani, miguu inawasha. Moto ukitaka kuzima nachochea: "Kumbe? Mbona meku yule anakataa?" Unawaka upya. Dada wa mradi akaniangalia, nadhani alishanishtukia, akaweka kalamu chini na kuomba aelezwe vizuri kuhusu huo mfereji. Nikampenda hapo hapo.

Mara mabeseni matupu yakaanza kutokeza barabarani, vichwani mwa wenyewe.

"Mmefikia wapi?" mama akauliza.

"Kwenye mfereji," mwenyekiti akajibu kinyonge.

Kura ikapigwa. Bomba likae katikati ya nyumba, pale njia panda. Mikono kama msitu.

"Safi," dada akasema. "Na kiwanja anatoa nani?"

Mikono ikashuka yote.

Wakuu, hapo hata mimi utani uliniisha. Mama analima kile kihamba cha baba tangu aolewe, lakini hana hata pa kuchimbia shimo la bomba. Nikatamani kupiga kelele.

Mama akamgeukia baba, sauti ya upole kabisa. "Baba Kelvin, babu yako alikata migomba, eti? Nimekusikia toka kule barabarani."

Mkutano mzima ukamwangalia. Baba akakohoa. Akakohoa tena. Akatoa kona ya kihamba pale njia panda.

Sasa linaitwa bomba la Baba Kelvin, na kila mgeni lazima apelekwe akalione. Mama ni Mama Kelvin, ingawa wa kwanza ni mimi. Na kihamba kitakuwa cha Kelvin, ambaye muda huu amelala.

Hicho ndicho kinachoniwasha mpaka leo. Maji tunayo, na bado situlii.

Kwa hiyo siku mafundi wanamwaga zege nilichukua msumari, nikaandika pale ndoo inapokaa: ANASTAZIA.

Mwenyekiti kaniuliza kama ni jina la mfadhili. Mama analiona jina lake kila asubuhi. Ananitazama, anajitwika ndoo, anapita. Hajanichapa.

Nilichojifunza: ukisema unawasaidia akina mama, kwanza angalia saa hiyo wako wapi. Halafu uliza wanakanyaga ardhi ya nani.

Haya, wa kunitukana karibuni. Ila kabla hujaanza, andika hapo chini mama yako anaitwa nani. Sio Mama Fulani. Jina lake.