Medali ya Bibi kwenye Ndoano

Jumapili, mwezi wa tatu. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu haukuinuka mpaka saa sita mchana.

Enzi zetu hapa Ufipa, mvua kama hii haikutuzuia kwenda bwawani. Leo wanangu wanavua samaki kwenye simu, kwa kidole gumba, wamejifunika blanketi, na bado wanasema wamechoka. Nawacheka, ingawa sina hakika kama sisi tulikuwa bora. Mimi hasa sikuwa.

Bwawa lile lilikuwa kubwa. Kukiwa na ukungu ng'ambo huioni. Mama alikuwa akisema, "Maji yale hayana rafiki." Lakini humo mlikuwa na samaki wa mdomo mpana, mgongo wa kijani, waliopandikizwa zamani. Minyoo hawakuijali. Walifukuza kinachokimbia na kung'aa.

Mwenzangu alikuwa Masanja, mtoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao jirani na kwetu. Ndiye aliyejua kutengeneza chambo: alikunja spoku ya baiskeli, upande mmoja akafunga ndoano iliyofichwa kwenye manyoya ya jogoo, upande wa pili kibati cha kopo la maziwa, kinachozunguka ukivuta uzi.

"Vuta, usisimame! Kinazama! Nyie Wafipa mnajua matuta ya mahindi tu!" alikuwa akinifokea, nami nacheka.

Kibati kikaota kutu. Hapo ndipo nilipofikiria medali ya Bikira Maria ya bibi yangu, mama yake Baba. Alivishwa siku ya ubatizo wake. Sasa alikuwa mgonjwa kitandani, medali iko chini ya mto, na alishasema azikwe nayo. Wazo lilikuwa langu, na niliyeichukua ni mimi, niandike wazi. Masanja alisema, "Hiyo ya kanisani mimi naiogopa." Nikamwita mwoga. Akaifunga.

Ilizunguka kuliko kibati chochote. Mara ya tatu kuvuta, maji yakapasuka, uzi ukanikata kiganja, halafu ukalegea. Tukabaki tunatazama maji. Samaki alikuwa ameondoka na medali.

Jioni Bibi alipapasa chini ya mto. "Medali yangu iko wapi?"

Baba akaniuliza nani aliingia chumbani. Nikasema, "Masanja alikuja leo." Ni kweli alikuja, na kwa ukweli huo mdogo nilijiona sijadanganya. Baba akaenda kwao, nami nyuma yake kwenye matope, nikiomba tusifike. Tulifika. Baba yake akamuuliza mwanawe. Masanja alinitazama muda mrefu. Mimi nikatazama ng'ombe.

"Nimeipoteza mimi," akasema. Akachapwa mbele yangu.

Bibi alifariki kabla ya mavuno, akazikwa bila medali yake. Aliugua tangu zamani, kwa hiyo siwezi kusema kwamba kukosa medali ndiko kulikomuua. Lakini aliiulizia kila siku, na hilo nalo ni kweli.

Leo baada ya misa nilimweleza Baba. Nilishika mlango kama mtoto aliye tayari kukimbia, na nywele zangu zina mvi. Akauliza: "Yule kijana yuko wapi?"

"Yuko Msanzi, analima. Namba yake ninayo."

"Mpigie. Sasa hivi, nikisikia."

Zamani kumkabili kulitaka kutembea kwenye matope hadi kwao, na nilipofika nikashindwa. Siku hizi ni kubonyeza tu, na bado niliomba simu isipokelewe.

Ikapokelewa. Nikasema yote haraka, bila hata salamu. Nikasikia ndama akilia huko kwake.

"Sasa dada," Masanja akasema, "mbona umechelewa hivyo?"

Simu ikakatika, au aliikata. Sijui. Nimeogopa kupiga tena.

Jioni tumekula ugali wa ulezi na maharage. Baba hakumaliza wake.