Kipa wa Akiba

Nyumba yao ilikuwa ya watu wa riadha. Baba alikimbia masafa marefu mpaka mvi zikamwota. Mama alirusha mkuki. Kaka zake wawili walikuwa wa mita mia nne, na hata kwenda bafuni walishindana. Yeye, binti kitinda mimba, alianguka ngazini akiwa na miaka minane, akavunjika paja. Mfupa uliunga, ila mguu wa kushoto ukabaki mfupi kidogo. Daktari akashauri aogelee.

Majini hakuchechemea. Siku moja timu ya polo ya majini ilipungukiwa na kipa mazoezini, kocha akamwona pembeni.

"Wewe mwenye mikono mirefu! Njoo usimame golini."

"Nisimame wapi, kocha, na maji yamenizidi kimo?"

Bwawa zima likaangua kicheko. Tangu hapo akaitwa Simama.

Nyumbani hakuna aliyeujua mchezo huo, lakini hawakumwacha peke yake. Kaka mkubwa aliupaka mpira sabuni, akawa anamrushia uani kila jioni. "Ukiudaka huu unaoteleza, mwingine utakuwa mteremko." Mama naye akamwambia, "Mwanangu, usiutazame mpira, tazama bega la anayerusha. Mkono hudanganya, bega haliwezi."

Akachaguliwa timu ya taifa, akakaa benchi miaka sita. Kipa mkuu alikuwa mwanamke mpole, mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwahi kumficha ujuzi wake. Kila baada ya mechi alimketisha, akamchambulia magoli aliyofungwa mwenyewe.

Kwenye mashindano ya mwaka wa saba, mwalimu aliamka na homa asubuhi ya nusu fainali. Simama akavaa kofia nyekundu ya kipa. Mechi ikaisha sare, zikaja penalti. Mrushaji wa mwisho alijifanya anatupa kulia, lakini bega likaelekea kushoto. Simama akajitupa kushoto. Mpira ukampiga kiganjani, ukagonga mwamba, ukatoka nje. Jukwaani baba yake aliruka mpaka kiatu kimoja kikamvuka.

Siku ya fainali mwalimu alikuwa amepona. Kocha akaanza kumkabidhi kofia, naye akakataa.

"Mwache mdogo wangu aendelee. Mikono yake imeshapata moto."

"Dada, hii ni fainali yako ya mwisho," Simama akasema.

"Ndiyo maana nataka kuitazama vizuri."

Walifungwa kwa goli moja. Simama alitoka majini akilia. Mwalimu akamfunga taulo mabegani, akakaa naye pale pale kwenye vigae mpaka kilio kikaisha.

Leo Simama ana miaka arobaini na mitano, anawafundisha watoto kuogelea. Ukimwuliza kuhusu medali yake ya fedha, ataanza na mpira wa sabuni, aende kwa bega la mama, na aishie kwa mwalimu. "Mimi nilidaka tu," husema. "Wao ndio walionipa mikono."

Binti yake hataki maji wala mbio. Anacheza drafti. Juzi alimfunga babu yake mara tatu mfululizo, mzee akanuna mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Panga tena."