Matabishi ya Neno Moja

Mama yangu alianza darasa la Kiingereza na mvi zake zote, na miezi mizima hakufungua kinywa. Mama huyu! Sokoni Kashikishi, akiuza chisense, hao dagaa wadogo wa ziwa letu, sauti yake inafika mpaka kwenye mitumbwi. Lakini akiingia katika ile nyumba ya kanisa ambako madame anatufundisha siku ya Alhamisi, anakuwa bubu. Sisi tulivuka mpaka kutoka Kongo, na huku Kiingereza kwake ni mlango wa ofisi: anasimama mbele yake, hagongi.

Siku ile, njiani, akaniambia, "Mwanangu, leo nikinyamaza tena, njo mwisho. Sirudi. Nimechoka kukaa pale sawa mufuko wa chumvi."

Nilicheka peke yangu. Mama akisema kitu, amesema.

Madame alikuja na mchezo. Akaandika ubaoni herufi nne, ight, akatugawa: wauza samaki upande huu, wakulima kutoka makazi ya wakimbizi upande ule. Kila upande ulete maneno yenye mkia huo, pamoja na maana. Neno bila maana halihesabiwi. Watakaoshindwa watafagia darasa.

Eh, tuliwaka! Night, nikapiga kelele mimi, usiku! Fight, ugomvi, wakajibu wa ng'ambo. Light, akasema jirani yangu, taa, zile za kuvutia chisense wakati hakuna mwezi. "Awe!" wakapinga wakulima, "light ni mzigo mwepesi!" Madame akasema zote ni kweli, tukamzomea kwa furaha. Tight, kukaza. Right, mkono wa kuume. Weight nililileta mimi kwa kiburi, maana uzito ndio unatulisha pale sokoni. Wakulima wakaja na height, kimo, na mmoja wao akapanda juu ya benchi ili tukione vizuri. Jasho lilikuwa linanitoka. Kila mara nilimgusa mama kwa kiwiko, naye alikuwa anatazama sakafu tu.

Madame akahesabu, akakuta tuko sawa. Akapiga makofi: imekwisha, hakuna mshindi. Wenzangu walikuwa wanabishana na kucheka, mimi nikafumba macho. Nilijua nitakuwa nakuja peke yangu.

"Madame, bado."

Mawe, jamani! Mama alikuwa amesimama. Alikuwa anamtazama mwanamke mmoja wa upande ule, kastoma wake wa siku nyingi, ambaye hanunui chisense kwa mwingine. Na huku kwetu muuzaji akishapima, lazima aongeze kiganja kimoja juu. Wabemba wanaita mbasela, sisi tunaita matabishi. Mama hajawahi kumpimia mtu bila kuongeza.

"Huyu hawezi kwenda hivi hivi," akasema, akawageukia wakulima wote. "Mukamate matabishi. Fright. Ni woga. Ule wenye unashika mutu hapa," akajishika koo, "na sauti inakataa kutoka."

Mpaka leo sijui neno lile alilitoa wapi. Kisha madame akapiga kelele, akaruka, chaki ikamponyoka mkononi.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuruka. "Mama! Sema ni letu! Sema tumeshinda!"

"Nimeshawapa," akajibu, mkavu kabisa. "Matabishi hairudishwi."

Na wakulima, watu wabaya wale, tayari walikuwa wanacheza, kastoma wake amevuka darasa lote kuja kumkumbatia. Madame akaliandika neno upande wao. Tulishindwa kwa neno letu wenyewe! Nilikasirika, nikacheka, machozi yakanitoka, vyote kwa pamoja, sikujua nianze na kipi.

Basi tukafagia. Wakulima walisimama mlangoni wakituonyesha pembe tulizoziruka. Madame akachukua kitambaa, akaanza kufuta ubao kutoka juu. Mama akaweka ufagio chini, akaenda akamshika mkono, yeye ambaye siku zote alikuwa anamsalimia kwa kuinamisha kichwa tu.

"Ile yangu, madame, uiache," akasema. "Alhamisi nikikuya tena, nataka niikute."