Fundi Saa na Wapangaji wa Mchichani

Hebu mwone anavyoingia. Anausukuma mlango wa uani kwa kiwiko, maana mkono huu una ndoo na huu una jembe dogo. Kichwa kimetangulia, miguu inafuata kwa kusitasita. Ndiye fundi saa wetu, mtu mwembamba mwenye vidole vya kuokota skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi. Kutwa amejikunja kwenye kibanda chake kando ya duka la mikate. Jioni ni yeye na kipenzi chake: vitalu viwili vya mchicha na mstari wa nyanya.

Ua huo mkewe anataka upigwe saruji. "Tupate pa kuanika nguo," husema. "Sasa hivi tunafuga vyura."

Na vyura, tuseme kweli, wapo. Juzijuzi mmoja alilala ndani ya buti la mpira. Fundi alipotia mguu, kitu baridi, laini, kikamsalimia unyayo. Akaruka kwa mguu mmoja mpaka sebuleni, katikati ya wageni wa mkewe, buti mkononi. Chura akachomoka butini akatua kwenye sinia la vikombe. Wageni wakakumbuka kwamba wana safari.

"Mimi sisemi kitu," alisema mkewe. Na mke akisema hasemi kitu, ujue ameshasema.

Kilichoharibu mambo kabisa ni kioo cha kukuzia, kile kidude cheusi anachokibana jichoni akifungua saa. Hukisahau usoni kama wengine tunavyosahau kalamu sikioni. Siku hiyo akaenda nacho bustanini, akainamia mnyanya kutafuta wadudu, pua ikigusa jani. Kwenye kioo likatokea jicho. Jicho kama sahani, linazunguka lenyewe, na magamba yamepangana kama ukuta wa matofali.

Yowe alilopiga lilimtoa kinyozi wa jirani, mashine bado inanguruma mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, shuka shingoni, ameshika ufagio.

"Yuko wapi?"

"Kwenye nyanya. Kichwa kama cha ndama."

Wakafunua majani kwa ufagio, polepole. Kinyonga wa urefu wa kidole akawatazama, jicho moja huku, jingine kule.

"Fundi," kinyozi akasema, "ndama wako bado ananyonya."

Mkewe alisubiri waondoke. "Sikiliza, baba watoto. Nikisikia yowe moja tena kutoka huko, keshoye fundi wa saruji yuko hapa. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Angefanyaje, na mchicha umeshamfika magotini?

Basi jana jioni, macho yake yakiwa matupu kabisa, akazama mchichani na bakuli kuchuma. Akaona mpira wa maji umelala katikati ya kitalu, akauvuta. Mpira nao ukamvuta. Kuangalia vizuri, ni mkia, na mbele ya mkia kuna kenge mzima, mrefu kama benchi la kinyozi, ulimi unaingia na kutoka.

Yowe likapanda mpaka kooni. Akalimeza. Akauachia mkia kwa adabu, kama mtu anayemrudishia mkwewe kikombe. Kenge hakuondoka. Alipapenda pale penye kivuli na unyevu, akajinyoosha.

"Hama, bwana mkubwa," fundi akanong'ona. "Nakuomba."

Kenge akafumba macho.

Mkewe akatoa kichwa dirishani jikoni. "Baba watoto, mbona kimya hivyo? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Mchicha tu."

"Basi acha, nakuja kuchuma mwenyewe. Wewe unang'oa na mizizi."

Kandambili zikaanza, pa, pa, pa, zinakuja uani. Akipiga kelele, bustani imekwenda. Akinyamaza, mkewe anamkanyaga kenge, na bustani imekwenda vilevile, pengine na ndoa juu yake.

Sasa ndugu yangu, ungekuwa wewe umesimama hapo na bakuli lako, ungemwambia nini?